Kinachotukesha Kwenye Tamthilia za Wauaji za Kikorea

Kabla Beyond Evil haijafika nusu, mtazamaji ameshamjua muuaji. Ni Kang Jin-mook, mwenye duka katika mji mdogo wa kubuni uitwao Manyang, mtu mpole na mnyenyekevu ambaye majirani wote wanamwonea huruma kwa sababu binti yake ametoweka. Anazunguka akibandika matangazo ya kumtafuta, na kumbe aliyemuua binti huyo ni yeye mwenyewe. Ikifika sehemu ya nane kati ya 16, Jin-mook ameshakamatwa na amefia mahabusu. Kwa desturi ya hadithi za upelelezi, hapo kazi imekwisha: adui kajulikana, kafa, steringi apumzike. Lakini tamthilia hiyo ya kituo cha televisheni cha JTBC ya mwaka 2021 bado ina safari ndefu mbele, na kwangu mimi nusu hiyo ya pili ndiyo inayokaba koo zaidi. Ambaye hajaitazama aniwie radhi, kwa sababu hapa nitafichua mengi.

Wanaozisifu tamthilia za Kikorea za wauaji wa mfululizo kwa kawaida husifu fumbo. Watakutajia mshukiwa wa kwanza ambaye siye, mshukiwa wa tatu ambaye ndiye, na ile dakika ya mwisho inayopindua kila ulichoamini. Sikatai kwamba Wakorea ni mafundi wa mafumbo. Ila fumbo likishafumbuliwa linaisha nguvu, ilhali tamthilia hizi watu wanazirudia wakiwa wanajua kila kitu. Naamini kinachowarudisha ni kuchelewa. Polisi wamechelewa, sheria imechelewa, mama amemsubiri mwanawe miaka 20 na chakula bado anapakua. Swali la nani kaua linajibiwa mapema ili tubaki na lile gumu zaidi: mbona imechukua muda wote huu, na ni nani aliyefaidika nao?

Kuchelewa huko hakukubuniwa na waandishi wa tamthilia. Kati ya Septemba 1986 na Aprili 1991, wanawake na wasichana kumi waliuawa Hwaseong, eneo la mashamba ya mpunga kusini mwa Seoul. Wa kwanza alikuwa bibi wa miaka 71, na miongoni mwao walikuwamo watoto wa shule. Zaidi ya watu 20,000 walichunguzwa. Wakati mauaji yanaanza Korea Kusini ilikuwa chini ya serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan, na nguvu kubwa ya polisi ilikuwa mijini ikipambana na wanafunzi na wafanyakazi waliodai demokrasia. Vijijini, wapelelezi walifanya kazi kwa njia walizozizoea: kumkamata mtu, kumnyima usingizi, kumpiga mpaka akiri.

Mmoja aliyekiri hivyo alikuwa kijana mwenye ulemavu wa mguu, aliyekamatwa mwaka 1989 kwa mauaji ya msichana wa miaka 13. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani takribani miaka 20 kabla ya kuachiwa kwa masharti mwaka 2009. Mahakama ilimsafisha Desemba 2020. Muuaji halisi, Lee Choon-jae, alikuwa mkazi wa hapohapo. Polisi walimhoji zaidi ya mara moja wakamwachia, kwa kuwa walikuwa wameshaamini kwamba wanayemtafuta ana damu ya kundi B, na Lee ni kundi O. Mwaka 1994 alimuua shemeji yake, akafungwa maisha kwa kosa hilo, akakaa kwenye gereza la Busan akisifiwa kwa tabia njema. Ilipofika Septemba 2019, vinasaba vilivyotolewa kwenye ushahidi wa zamani vilimtaja yeye. Alikiri kuua watu 14. Hakushtakiwa kwa mauaji hayo ya Hwaseong hata moja, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu mashtaka ya mauaji ndani ya miaka 15 tu, na muda huo ulikuwa umekwisha mwaka 2006.

Kuna jambo moja katika kesi hii ambalo nadhani linaeleza tamthilia za Kikorea kuliko nadharia yoyote ya filamu. Mwaka 1989 msichana mdogo wa shule ya msingi alitoweka Hwaseong akitoka shule, na familia iliambiwa kwamba amepotea. Uchunguzi wa miaka 30 baadaye ulionyesha kwamba wapelelezi walikuwa wamepata mabaki yake, wakayaficha. Novemba 2019 polisi walikwenda na vifaa kuchimba kwenye bustani ya mji, kwa sababu pale palipokuwa na kilima na mashamba sasa ni makazi mapya. Hawakupata kitu. Hwaseong yenyewe imegeuka: leo Samsung ina kiwanda kikubwa cha vifaa vya elektroniki huko, na maghorofa yamesimama palipokuwa na mitaro ya mpunga. Nchi iliyopanda kutoka umaskini hadi utajiri ndani ya kizazi kimoja imejenga juu ya mambo mengi ambayo haikuyamaliza. Mwandishi wa Kikorea akitaka kukutisha hana haja ya jumba la mizimu. Anakuonyesha mtambo wa ujenzi ukichimba msingi.

Bong Joon-ho alifanya filamu ya kesi hiyo mwaka 2003, Memories of Murder, na akaimaliza kwa mpelelezi wa zamani, anayeigizwa na Song Kang-ho, akitazama moja kwa moja kwenye kamera. Bong alieleza kwamba aliamini muuaji yu hai na ataitazama, akataka macho yao yakutane. Alikuwa sahihi kuhusu kuitazama. Lee alipotoa ushahidi mahakamani mwaka 2020 alisema aliiona filamu hiyo gerezani, na kwamba hakuhisi chochote. Jibu lile liliniumiza, na tangu hapo sina subira na tamthilia yoyote inayomchora muuaji kama mwanafalsafa mwenye maneno mazito. Mtu yule hakuwa na la kutuambia. Wenye la kusema walikuwa watu waliobaki.

Hapo ndipo tamthilia ya Signal ilipokuwa na akili ya pekee. Kim Eun-hee aliiandika kwa ajili ya kituo cha tvN, ikaonyeshwa mwanzoni mwa 2016. Park Hae-young, mchambuzi kijana wa polisi wa mwaka 2015, anaokota redio ya upepo mbovu, isiyo na betri, ambayo saa 5:23 usiku inamuunganisha na Lee Jae-han, mpelelezi aliyetoweka mwaka 2000. Ukiisimulia hivyo inaonekana hekaya. Ukiitazama, unaona kwamba redio ile ni njia ya kuuliza swali ambalo kila familia ya marehemu hujiuliza: kama ningejua siku ile, ningewahi? Kim anajibu kwa ukali. Wanawahi mara moja, wakati mwingine wanachelewa, na kila wanapomwokoa mtu wa jana, mtu mwingine wa leo anafutika.

Kesi ya kwanza ya Signal inamkimbiza mtazamaji kwa saa za ukutani. Mtoto aliyetekwa na kuuawa miaka 15 nyuma, mshukiwa ameketi mbele ya wapelelezi, na saa sita usiku ikigonga sheria inafunga mlango. Kwa mtazamaji wa Korea hiyo haikuwa mbinu ya kuongeza presha tu. Julai 2015, miezi michache kabla, bunge lao lilikuwa limefuta ukomo wa muda wa kushtaki kesi za mauaji, kwa sheria iliyopewa jina la Tae-wan, mtoto wa miaka sita wa Daegu aliyemwagiwa tindikali mwaka 1999 na kufariki. Wazazi wake walihangaika miaka yote hiyo. Sheria ilipopita, haikuifikia kesi ya mtoto wao, kwa sababu ukomo wake ulikuwa umeshafika. Watu walioketi sebuleni Januari 2016 kutazama mishale ya saa kwenye Signal walikuwa wanajua saa hiyo inahesabu nini.

Halafu kuna ile sehemu ya sinema. Jae-han, akiwa kijana mwaka 1989, anampenda mwanamke mmoja wa mtaani kwake na hana ujasiri wa kumwambia. Mwanamke huyo anauawa. Baadaye Jae-han anapata tiketi za filamu ambazo marehemu alikuwa amezinunua waende pamoja, na anakwenda peke yake. Ni filamu ya kuchekesha, ukumbi mzima unacheka, na katikati ya vicheko hivyo mwanaume mkubwa, askari, analia mpaka mabega yanatikisika. Hakuna damu wala muziki wa kutisha. Baada ya hapo ukimwona muuaji yule unamchukia kwa namna ambayo hakuna maiti iliyoonyeshwa kwa karibu ingeweza kukufanya umchukie. Na upande wa pili wa muda yupo Cha Soo-hyun, aliyekuwa chini ya Jae-han kazini, ambaye miaka 15 baadaye bado anakwenda kuangalia kila mabaki yasiyotambuliwa yanayoletwa, akitafuta kama ni yeye. Kim Hye-soo anaigiza matembezi hayo bila kulia hata kidogo.

(Hapa niseme kitu kwa wanaotazama kupitia tafsiri za ma-DJ wetu. Nazipenda, zimewafikishia tamthilia hizi watu ambao wasingezipata. Lakini sehemu kama hizi hazitaki maneno. DJ akiujaza ukimya kwa utani, ametuondolea kile kilichotuleta.)

Nirudi Manyang. Kim Su-jin, aliyeandika Beyond Evil, aliona kwamba kuchelewa hakutokei kwenye hewa, kuna watu wanaotengeneza huko kuchelewa. Lee Dong-sik ni askari wa mji huo. Miaka 20 nyuma pacha wake wa kike alitoweka, na yeye ndiye aliyeshukiwa. Mwenzake mpya wa doria, Han Joo-won, ni kijana wa ukoo wa wakubwa wa polisi, na amekuja Manyang akiwa na hakika kwamba Dong-sik ni muuaji. Kwa muda mrefu sisi pia hatujui. Shin Ha-kyun anamwigiza Dong-sik kwa kicheko ambacho huwezi kukipima kama ni cha mtu aliyevunjika au cha mtu anayekufanyia mchezo. Usiku mmoja zinakutwa ncha kumi za vidole vya msichana zimepangwa mbele ya duka la baba yake.

Ncha za vidole hazikuchaguliwa ovyo. Korea Kusini kila raia akifikisha miaka 17 anatoa alama za vidole vyake vyote kumi kwa ajili ya kitambulisho. Vidole ndiyo njia ya uhakika ya dola kujua wewe ni nani, hata ukiwa maiti. Anayevikata anamwondoa mtu kwenye daftari la nchi. Anayeviweka hadharani analilazimisha daftari lile lifunguliwe. Na aliyeviweka pale ni Dong-sik. Alivikuta, akajua ni vya nani, akajua pia kwamba polisi wenzake walishashindwa mara moja, akaamua kuharibu ushahidi ili awalazimishe wamtafute mtu. Ni kosa, na tamthilia haimsamehi. Mwishoni kabisa yeye mwenyewe anamtaka Joo-won amfunge pingu, na Joo-won anamfunga huku analia.

Joo-won naye ana lake. Ili kumnasa muuaji, alimtumia mwanamke mhamiaji asiye na vibali kama chambo, kisha mwanamke huyo akaacha kupokea simu. Mwili wake unapatikana kwenye matete sehemu ya kwanza kabisa. Kijana msafi mwenye glavu na suti, mwana wa afisa mkubwa, ana damu mikononi kabla hajafika mjini, na mwandishi hatuachi tulisahau hilo hata tunapoanza kumpenda. Joo-won hawezi kuhesabu makosa ya wenzake bila kuanzia kwa yeye mwenyewe.

Jin-mook akishakufa, tamthilia inageuka kuwauliza waliobaki. Nani alimgonga kwa gari pacha wa Dong-sik usiku ule? Nani alijua akanyamaza kwa ajili ya cheo, uchaguzi, viwanja? Majibu yanafika juu, kwenye uongozi wa polisi na siasa za mji. Muuaji alikuwa mmoja. Waliompa miaka 20 ya kuendelea kuuza duka lake walikuwa wengi, wenye suti, wanaosalimiwa kwa kuinamiwa. Nusu hiyo ya pili ina mwendo wa polepole, na wapo wanaoilalamikia. Mimi naona ndiyo roho ya tamthilia yote. Majaji wa Baeksang, tuzo za filamu na tamthilia za Korea, za 2021 waliipa tuzo ya tamthilia bora, ya mwandishi bora, na ya mwigizaji bora wa kiume kwa Shin Ha-kyun, na sioni walipokosea.

Flower of Evil ya tvN, ya mwaka 2020, inaleta jambo hilohilo chumbani. Cha Ji-won ni mpelelezi. Mume wake, fundi wa vito na vyuma, ni baba mwema anayepika na kumlea binti yao. Mke anafuatilia kesi ya zamani, na kila hatua inamsogeza kwa mtu anayelala naye. Kikulacho ki nguoni mwako, utasema. Lakini mwandishi Yoo Jung-hee anaipinda methali hiyo. Mume anaishi kwa jina la mtu mwingine, ni mtoto wa muuaji wa mfululizo, hujifunza sura za furaha na huzuni kwa kutazama video, naye hakuua. Mwenye jina lile halisi ndiye mwenye hatia, na amelala bila fahamu miaka kadhaa nyumbani kwa wazazi wake, baba akiwa mkurugenzi wa hospitali anayeheshimika. Tena tunakuta watu wa heshima wameketi juu ya siri. Kinachoumiza zaidi ni Ji-won kugundua kwamba maelfu ya asubuhi alizoziishi na mume wake zilikuwa na mlango wa chini ambao hakuwahi kuufungua. Moon Chae-won akisimama jikoni kwake akimwangalia mumewe anakata mboga, unashika shuka.

Kuna sababu nyingine ya kawaida zaidi kwa nini hofu ya tamthilia hizi iko karibu na mwili. Bunduki ni adimu Korea, raia wa kawaida hawanazo, na polisi huzitumia kwa nadra sana. Muuaji anatumia kamba, nyundo, kisu, mikono. Mpelelezi anamkimbiza kwa miguu kwenye vichochoro vya ngazi. Hakuna anayemaliza ugomvi kutoka mbali. Na nchi yenyewe ina mauaji machache, chini ya mtu mmoja kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kwa hiyo kifo kimoja kwenye hadithi hakipiti kama ajali ya barabarani. Kinakuwa jambo la mji mzima.

Muundo nao unasaidia. Tamthilia ya aina hii kwa kawaida ni sehemu 16 au chini ya hapo, mbili kwa wiki, ikibuniwa na kuandikwa na mtu mmoja au wachache mwanzo hadi mwisho. Mwandishi anajua anakofika, anaweza kupanda mbegu sehemu ya pili na kuivuna ya 15. Through the Darkness ya SBS, ya mwaka 2022, haikuhitaji hata 16; kwa sehemu 12 inamfuata Song Ha-young, anayeigizwa na Kim Nam-gil, kwa kutegemea kitabu cha kumbukumbu alichoshiriki kukiandika Kwon Il-yong, mchambuzi wa kwanza wa tabia za wahalifu katika polisi ya Korea. Wengi wameipita kwa sababu haina vurugu nyingi. Inamwonyesha mtu anayekaa mbele ya wauaji magerezani akiwasikiliza, na jinsi usikilizaji huo unavyomla.

Mahali aina hii inapoanguka ni pale inapomfanya muuaji kuwa mtu wa ajabu. Mouse, ya 2021, ilianza na swali zito, la kupima mimba kama mtoto atazaliwa na vinasaba vya ukatili na mama aamue la kufanya. Kisha ikazama kwenye upasuaji wa kupandikiza ubongo, majaribio ya siri, na njama juu ya njama kwa sehemu 20. Lee Seung-gi alijitahidi sana. Lakini ukatili ukishakuwa jambo la damu na maabara, hakuna tena wa kumuuliza mbona alichelewa. Waliofumba macho wanapona.

Mtindo wa hivi karibuni unanitia wasiwasi zaidi. A Killer Paradox ya Netflix, ya Februari 2024, inamhusu kijana wa kawaida anayeua mtu kwa nyundo bila kukusudia, kisha inabainika kwamba marehemu alikuwa muuaji anayetafutwa. Anaua tena, na kila anayekufa anatokea kuwa mhalifu, na ushahidi unajifuta wenyewe. Choi Woo-shik anaigiza vizuri, sehemu ni nane tu, zinakimbia. Lakini hukumu inatoka siku hiyohiyo, kabla hatujamjua aliyedhulumiwa, na kifo cha mbaya kinatazamwa kama malipo ya papo hapo. Mimi ilinishika sehemu moja tu, ile inayomhusu mpelelezi Jang Nan-gam, ambaye baba yake, askari pia, alipigwa mpaka akabaki kitandani bila fahamu miaka na miaka. Son Suk-ku anaingia wodini, anakaa karibu na mzee wake, hana la kufanya. Laiti tamthilia nzima ingebaki naye pale.